Kizuka na Bwawa la Samaki

Shemeji yangu Suud alifariki wakati wa baridi, na bwawa lake la samaki likaanza kumfuata polepole bila mtu kulitazama. Nyumba yao ya Ghubra, hapa Maskati, ilijaa watu wa kutoa pole, birika za kahawa na sahani za halua. Kila mtoto aliyeletwa na mama yake akaanza kulia alipelekwa ua wa nyuma, akapewa gao la chakula cha samaki ili atulie. Watoto walitulia. Samaki wakala kupita kiasi, chakula kilichobaki kikaoza chini, na ilipoingia Aprili maji yalikuwa mazito na ya kijani kama mchuzi wa mchicha.

Mimi ni Jawaher, mdogo wake Kheiria, mke wa Suud. Nimestaafu ualimu, sina mume wa kunisubiri wala paka wa kumlisha, kwa hiyo familia ilipokaa kuamua nani atakaa na kizuka, hawakuamua kitu. Walinitazama tu. Nikaenda kufunga begi langu.

Kwetu kizuka, mwanamke aliyefiwa na mumewe, hukaa eda ndani ya nyumba yake. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hafukizi udi, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Dada yangu aliishika eda kama anavyoshika kila kitu, kwa mikono miwili. Hata sabuni ya kunukia aliitoa bafuni akaninunulisha ile ya kufulia. Fundi wa mabwawa angeweza kuja, yeye akajifungia chumbani, lakini ua ule unatazamana na sebule, jiko na chumba cha kulala, na vyote Suud alivitilia madirisha makubwa, maana alipenda kuwaona samaki wake hata akinywa chai. Dada angejifungia wapi? Stoo?

Basi bwawa likakaa hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja Yaqdhan akasimama pembeni yake.

Yaqdhan ni mtoto wa pekee wa Kheiria. Ni mhandisi, amejenga nyumba mpya Sib, na tangu baba yake afariki alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kazi na mkate wa moto mkononi. Ni mtoto mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele utataka kumkasirikia, na mimi nilishamkasirikia vya kutosha kwa niaba ya wote.

Alichuchumaa, akachungulia yale maji, akaona viluwiluwi vya mbu.

"Mama, jirani kanisimamisha nje," akasema. "Anasema mbu wanatoka huku kwetu. N'taleta watu walifukie hili, tutandike vigae, khalas. Na eda ikimalizika, inshallah, chumba chako Sib kiko tayari. Ruba kashatia mapazia."

Ruba ni mkewe. Dada yangu alikuwa mlangoni na bilauri ya maji.

"Mapazia rangi gani?" akauliza.

"Sijui, mama. Ya kijivu, nadhani."

Kheiria akanywa maji yake yote, akaifuta bilauri kwa ncha ya mtandio, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Kisha akasema, "Nipe mpaka Alkhamis. Uje ukitoka kazini. Ukikuta maji mabaya, lete watu wako walifukie. Ukiyakuta mazuri, usiniguse bwawa langu."

"Nani atakusafishia?"

"Weye njoo Alkhamis."

Yaqdhan akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu, nikahesabu njiwa. Alipoondoka, dada yangu akakaa kwenye kiti cha jikoni na uso wake ukamshuka wote.

"Jawaher, wameshatia mapazia," akasema.

"Nimesikia."

"Hili bwawa ndo mlango. Likifukiwa, wiki ijayo watasema ngazi zinanishinda. Halafu gesi, n'tasahau kuizima. Halafu nitajikuta Sib, kwenye chumba cha kijivu, naambiwa mama pumzika, mama usiguse, mama kaa. Mie nataka kufia kwenye nyumba yangu, nikiwa nimechoka kwa kazi zangu."

Nilijua anasema kweli, na nilijua pia kwamba Yaqdhan hana nia mbaya hata chembe, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu mbaya unamfungia mlango. Huyu anakuja na mkate.

Tatizo lilikuwa moja: Kheiria hakuwa amewahi kutia hata kidole katika bwawa lile. Suud alilichimba miaka mingi iliyopita, yeye akiwa Umra. Alirudi na zamzam na tende za Madina, akafungua mlango wa nyuma ili aanike nguo, akakuta shimo pale kamba zilipokuwa. Alinuna mpaka Ramadhani. Baadaye akazoea kukaa kibarazani na kahawa yake wakati mumewe akizungumza na samaki, na hivyo ndivyo alivyojifunza, kwa kumsikiliza mtu akinung'unika na nafsi yake.

Kila mwaka, kabla joto halijaingia sawasawa, Suud alikuwa akifunga shuka kiunoni na kubadilisha maji. Kheiria alikumbuka zaidi ya alivyojijua. Alikumbuka kwamba maji hayatolewi yote, yanaachwa ya kuwafika samaki juu ya mgongo, kwa kuwa hayo ndiyo wanayoyajua. Alikumbuka kwamba sponji la chujio halisuuzwi kwa maji ya bomba bali kwa maji yale yale machafu ya bwawa, ukifanya kinyume umeua kila kitu kizuri kilichomo. Hapo tuligombana, maana mimi nilishaandaa brashi ngumu na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nimelelewa na mama aliyekuwa akisugua hata mawe ya uani. Uchafu nikiuona mikono yangu inawasha.

"Ukimimina hiyo," dada akasema, "tutapata bwawa safi sana na maiti za samaki."

"Sasa tutasugua na nini?"

"Na mkono."

Siku ya pili niliipeleka pampu ya Suud kwa fundi wa kule Wadi Kabir, kwa kuwa ilikuwa imeziba na kunguruma bila kuvuta kitu. Nikapitia duka la samaki wa mapambo nikanunua matone ya kuondoa klorini. Kijana wa duka akaniuliza nina samaki wa aina gani. Nikamwambia nna Mkurugenzi, nna Katibu na nna Mhasibu. Akanitazama vibaya. Lakini ndiyo majina yao. Suud aliwapa vyeo vya watu aliofanya nao kazi wizarani. Mkurugenzi ni yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye doa jeupe kichwani, ambaye hali mpaka wengine wote wampishe. Mhasibu ni mnene na haonekani mara nyingi. Waliobaki, wale wadogo wadogo, Suud aliwaita makarani.

Alkhamis asubuhi Yaqdhan alikuja kama kawaida. Alileta chapati na maharage, akala nasi akiwa amesimama, akamwona mama yake akijishika goti wakati wa kuinuka. Akaenda kunawa katika bafu dogo la korido ya nyuma, akakaa humo kidogo, akatoka, akambusu mama yake kichwani, akaondoka. Sisi hatukumshughulikia. Tulikuwa tunasubiri atoke ili tuvae nguo za kazi.

Tulianza jua likiwa bado upande wa jirani. Nilitumbukiza pampu, nikaelekeza mpira kwenye mindimu na bogenvilia, na yale maji ya kijani yakaenda kwenye miti yakiwa na harufu ambayo sitaki kuieleza. Dada yangu alikunja gauni lake jeusi la eda mpaka magotini, akalifunga kwa kipande cha kanga, akashuka. Alitia mguu wa kwanza. Akatia wa pili.

"Kuna kitu kinaninyonya kidole," akasema.

"Mkurugenzi huyo. Anataka kujua kama una barua ya ruhusa."

Akacheka. Akajiziba mdomo kwa mkono uliojaa tope, akasema astaghfirullah, kizuka anacheka. Nikamwambia katika yote niliyofundishwa kuhusu eda sijasikia kwamba kucheka kumekatazwa, na kama kumekatazwa basi dhambi iwe juu ya samaki.

Tulichota tope kwa kizoleo cha taka, taratibu, ili tusiwatie samaki kiwewe. Kheiria alisugua kuta kwa viganja na kitambaa, akiacha ule ukoko mwembamba wa chini kama Suud alivyokuwa akiuacha. Alisuuza sponji ndani ya karai la maji machafu. Mgongo ulimuuma, goti lilimuuma, na kila nilipomwambia pumzika alinijibu kwa jina langu kamili, Jawaher binti wa baba yetu mpaka babu, ishara kwamba ninyamaze. Nilikuwa sijamwona akiwa mzima namna ile tangu jeneza lilipotoka mlangoni. Nilifurahi, nikaendelea kuchota.

Yakabaki maji ya kufika katikati ya muundi, na samaki wamejikusanya kwenye kona yenye kivuli. Sasa ilikuwa zamu ya kujaza.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa nyumba za zamani za Maskati analijua. Matangi yetu yako juu ya paa. Joto likiingia, jua linayapika, na bomba la maji baridi linatoa maji ya kuivishia yai. Basi hita za bafuni tunazizima. Hita iko ndani ya nyumba, kwenye kivuli na ubaridi wa kiyoyozi, na maji yaliyotulia tumboni mwake yanapoa. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne hivi mambo yanageuka: bomba lenye alama nyekundu ndilo la baridi, na la buluu ndilo la moto. Mgeni hujiunguza siku ya kwanza. Sisi hatufikirii hata kidogo, mkono unakwenda wenyewe.

Kheiria alikuwa amezizima hita zote mwenyewe wiki mbili nyuma. Mpango wake ulikuwa kuwaanzishia samaki kwa maji yale mapoa, kidogo kidogo, kisha jioni, paa likipoa, tuongeze mengine. Nilifunga mpira kwenye bomba jekundu la chumba cha kufulia, nikaupitisha dirishani mpaka bwawani. Dada akatia yale matone ya kuondoa klorini, akashika ncha ya mpira, akayapima kwa kiganja yale ya kwanza yaliyotoka.

"Baridi," akasema. "Fungua kidogo tu. Yaingie polepole."

Tukaulaza mpira chini ya bwawa, adhana ya adhuhuri ikalia, tukaingia ndani kutawadha upande wa chumbani kwake. Tuliswali. Tulikula wali uliobaki jana. Dada yangu akasema leo mtoto wake akija atakuta maji unaweza kuonea uso wako, na akaongeza samli kwenye wali, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Niliyetoka kwanza ni mimi. Nikaona makarani wote wako juu, midomo wazi, wakimeza hewa. Nikaona Katibu amelala ubavu. Nikadhani ni dawa, nikadhani tumezidisha matone, nikachutama nikatia mkono karibu na mpira, na mkono ukarudi wenyewe. Yalikuwa maji ya moto.

"Dada," nikaita. Sikupiga kelele. Sauti yenyewe ilimwambia.

Nilikimbilia chumba cha kufulia nikafunga bomba, nikaungua vidole. Niliporudi alikuwa tayari ndani ya bwawa, hakukunja gauni, nguo imetapakaa juu ya maji imemzunguka. Alikuwa akiwasukumia samaki kwenye kona ya mbali kwa mikono miwili, akisema, "Huku, huku, wanangu, huku."

"Nilete barafu?"

"Barafu itawamaliza. Waliounguzwa usiwagandishe." Alivuta pumzi. "Maji ya kunywa. Yale madumu ya koridoni. Yanakaa kwenye kiyoyozi, na klorini yake haifiki ya bomba. Lete."

Yale madumu makubwa ya bluu ndiyo maji yetu ya kunywa ya wiki nzima, na moja lina uzito wa mtoto wa darasa la pili. Niliyaviringisha kwa mguu, moja baada ya jingine, mpaka ukingoni. Nikayainamisha na yeye akaongoza mdomo wa dumu, akimimina pembeni, si juu ya samaki, akisubiri, akipima kwa kiwiko kama anavyopimwa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Aliniamuru hata pampu niirudishe, itoe yale ya moto ya upande wa mpira wakati yeye anaongeza mapoa upande huu. Niliitii kila amri. Miaka thelathini nimeamrisha darasa, sijawahi kutii upesi hivyo.

Katibu alikufa. Walikufa makarani kadhaa, nikawaweka kwenye beseni na kuwafunika kwa gazeti. Mhasibu alijizika topeni, akanusurika. Mkurugenzi alikuwa akiinamia ubavu na kurudi, akiinamia na kurudi. Dada yangu akamshika chini ya tumbo kwa viganja viwili, akamsukuma mbele taratibu, akamrudisha, akamsukuma tena, ili maji yapite kwenye matamvua yake. Suud aliwahi kumfanyia hivyo samaki mmoja, dada akaniambia baadaye. Yeye alikuwa na kahawa yake kibarazani, akadhani mumewe anacheza.

Alkhamis ofisi nyingi hufunga mapema. Yaqdhan alitukuta hivyo hivyo: mama yake amekaa ndani ya bwawa ameloa mpaka kifuani na samaki mikononi, mimi na dumu begani, beseni la maiti mlangoni, na maji yamerudi kuwa na tope.

Alisimama na kofia yake ya tarizi mkononi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda, hilo nitamtolea ushahidi. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa.

"Mama, toka humo," akasema. "Tafadhali. Utaugua. Mama, nilikwambia."

Neno hilo la mwisho lilinipandisha. Nilitua dumu.

"Ulimwambia nini?" nikasema. "Kazi kaifanya sawasawa, wewe. Maji yametoka moto kwenye bomba jekundu, na hita zote kazizima kwa mkono wake. Hebu uniambie hiyo ni ya uzee au ni ya majini."

Yaqdhan akatazama dirisha la chumba cha kufulia, kisha mlango wa lile bafu dogo, ambalo hita yake ndiyo hiyo hiyo ya kufulia, na nikaiona rangi ikimtoka.

"Khalti," akaniambia mimi, kwa kuwa hakuweza kumwambia mama yake. "Mie ndo niliyeiwasha. Asubuhi. Nilinawa, nikaona maji ya bomba jekundu baridi, nikasema mama kasahau kuwasha hita. Na nilimwona na goti lake. Nikataka akitawadha apate maji ya moto."

Kumbe yale baridi aliyoyapima dada yalikuwa yaliyolala bombani tu, ya hita yalikuwa bado nyuma. Nyumba yake Yaqdhan ya Sib ina tangi la chini ya ardhi na mtambo wa kupoza maji. Bomba jekundu kwake ni la moto mwaka mzima. Amezaliwa na kukulia katika nyumba hii ya mabomba yaliyogeuka, na miaka michache tu ya raha imemfutia. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa siwezi kufanya yote mawili nikakaa juu ya dumu.

Kheiria hakuacha kumsukuma samaki. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

"Uliliona goti langu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Allah akujazi kheri. Wengi hawalioni." Akamgeuza Mkurugenzi kidogo. "Lakini hukuniuliza."

"Niliona jambo dogo, mama. Swichi tu."

"Dogo, ndiyo. Na Sib hukuniuliza. Wala mapazia."

Yaqdhan akainamisha kichwa.

"Sikulaumu," akasema mama yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto mahali sukari ilipo. "Baba yako naye, Mungu amrehemu, alilichimba hili bila kuniuliza. Alidhani nitafurahi. Nikanuna, halafu nikalipenda. Na nyumba hii aliinunua bila kuniuliza, nikanuna, nikaipenda. Maisha yangu yote hivyo. Sasa mie mtu mzima, Yaqdhan. Nimechoka kupenda vitu baada ya kununa."

Yaqdhan aliiweka kofia yake juu ya kiti. Akavua viatu, akavua soksi akazikunja ndani ya viatu kama mama yake alivyomfunza, akapandisha dishdasha, kanzu yake nyeupe ya ofisini, akaifunga kiunoni. Akashuka bwawani.

"Nishike nini?" akauliza.

"Mshike huyu. Mikono chini ya tumbo. Usimbane. Mpeleke mbele polepole, maji yamwingie."

Akampokea. Mhandisi mzima, ndevu zake zimeanza mvi, ameinama kwenye maji ya tope akimtembeza samaki huku na huku, machozi yakimdondoka mumo humo na hana mkono wa kuyafutia. Dada yangu aliniomba dumu jingine. Tukamimina. Akapima kwa kiwiko, akasema sasa yamekaa.

Muda ulipita, sijui kiasi gani. Nakumbuka kivuli cha ukuta kilitufikia. Kisha Mkurugenzi akapiga mkia, akamrushia Yaqdhan maji usoni, akatoka mikononi mwake akaenda zake chini, na wale wadogo wakampisha. Yaqdhan alibaki ameinama, mikono mitupu ndani ya maji.

"Mama," akasema bila kuinuka. "Weye wataka kukaa wapi?"

Kheiria hakujibu papo hapo. Mimi nilikuwa na jibu tayari, nna majibu ya watu wote tayari, lakini kwa mara moja nilijishika ulimi. Nilimwona anatafuta. Si kwamba hakujua. Alikuwa akijua tangu asubuhi ile ya mapazia, na mimi nilimsikia. Ila jibu lake alikuwa amezoea kulisema jikoni, kwangu, mtu akishaondoka. Kumwambia aliyeuliza, usoni, lilikuwa jambo geni kwake, na lilimchukua kitambo.

"Hapa," akasema. "Nataka kukaa hapa. Uniletee mkate asubuhi kama uletavyo. Julai joto likizidi n'takuja kwenu kutembea, Ruba anipikie, niwaone watoto. Halafu unirudishe."

"Na usiku, mama? Peke yako?"

"Usiku nalala."

Nilimwona Yaqdhan akimeza alilotaka kusema. Lilikuwa kubwa, lilimpita kooni kwa shida, lakini alilimeza. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Simu yake ikalia mfukoni. Mikono yake ilikuwa tope tupu, nikamtolea mimi nikamshikia sikioni. Alikuwa Ruba. Wao wawili huzungumza Kiarabu, na sauti yake Ruba haihitaji kipaza sauti, kwa hiyo tulisikia wote: fundi wa mapazia yuko nyumbani, anauliza dirisha la pili la chumba cha mama, apime leo au kesho.

"Mwambie asipime," akasema Yaqdhan. "Mama haji."

Ruba akauliza kama mama anaumwa.

"La, haumwi."

Akauliza kama amekasirika, kama kuna mtu kamuudhi, kama ni yeye Ruba kafanya kitu.

"Hapana. Hukufanya kitu, wala hakukasirika."

Akauliza, sasa ni nani aliyesema haji? Ni Khalti Jawaher?

Yaqdhan akanitazama, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa akikamua maji kwenye pindo la gauni lake.

"Hakuna aliyeniambia, Ruba," akasema. "Nimemuuliza mwenyewe."